Bia Nyeusi ya Mwalimu Ormerod

Alhamisi, saa tano na nusu asubuhi, Inspekta Thelma Garside alisukuma mlango wa baa ya Mchambua Sufu, katikati ya mji wa Calderwick, akiwa amebakiwa na saa tatu na nusu. Mkuu wake alikuwa ameshatoa amri: ikifika saa tisa alasiri hajapata jambo jipya, Winifred Sugden, mwendeshaji wa baa hiyo, afikishwe kituoni asomewe shtaka la kujaribu kuua.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jumanne saa saba mchana, mwalimu mstaafu Cyril Ormerod, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, aliketi kaunta akaagiza nusu painti ya bia nyeusi. Alipiga funda moja kubwa, akashika koo, akaanguka pamoja na kiti chake. Hospitali walikuta koo limeungua. Maabara wakakuta kostiki soda katika bia iliyobaki kwenye glasi, ileile iliyomo katika dawa ya kusafishia mabomba ya bia. Dawa hiyo hukaa ghala la chini, na ufunguo wa ghala hukaa mfukoni mwa Winifred. Pipa la ghalani, ambamo bia huvutwa kwa mpini wa pampu hadi kaunta, lilipimwa, likaonekana safi. Bomba na pampu vilipimwa, vikaonekana safi. Watu wanne walikuwa wamekunywa bia hiyohiyo kutoka pampu hiyohiyo kabla ya mwalimu, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Basi sumu ilikuwa ndani ya glasi tu, na glasi ilijazwa na mkono mmoja.

Sababu nayo haikutafutwa mbali. Mwalimu Ormerod alikuwa mwandishi wa jarida dogo la wapenzi wa bia wa mji ule. Alizunguka baa moja baada ya nyingine akizitolea hukumu. Mchambua Sufu ilipofunguliwa tena baada ya ukarabati, miezi miwili nyuma, aliandika hivi: "Wamemkwatua bibi kizee, wakampaka rangi mdomoni, wakamvalisha sketi ya mjukuu wake. Bia sikuionja, machozi hayakuniruhusu." Mji mzima ulicheka. Winifred hakucheka. Alisema mbele ya wateja kumi na mmoja kwamba siku mwalimu atakaporudi, atampa kitu cha kumfunga mdomo.

Wote kumi na mmoja walikuwa wameshaandika maelezo yao polisi.

"Afande," alisema Konstebo Emlyn Pugh, akivua kofia mlangoni kana kwamba anaingia msibani, "mimi nimelelewa kwenye kanisa linalokataza pombe, hata siki waliitilia shaka. Sijui nitakusaidia nini humu."

"Utanisaidia kuandika," Thelma akamjibu.

Ndani hakukuwa na mteja. Thelma alisimama akapatazama. Vigae vya kijani vya ukutani, vya enzi za babu zake, waliviacha, na hilo lilimpendeza. Taa zilikuwa mpya, za waya mwembamba na balbu uchi. Rafu zilikuwa na vitabu vilivyonunuliwa kwa kilo. Kuta za vyumba vidogo zilikuwa zimevunjwa ili watu wote waonane, na mahali palipokuwa na chumba cha pembeni cha wazee palikuwa pamebaki kona moja tu, yenye benchi, picha ya wanawake wa kiwanda cha sufu, na mpini mrefu wa pampu ya zamani uliopigwa rangi ya shaba. Chini yake palikuwa na kibao: Tafadhali usiguse.

Winifred Sugden alitoka nyuma ya kaunta akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mwenye mabega mapana ya mtu aliyezoea kusukuma mapipa, na sauti ya mtu asiyezoea kuulizwa jambo mara mbili. Siku hizo mbili alikuwa ameulizwa mara nyingi kuliko mbili.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuonja bia," alisema Thelma. "Pampu zote sita. Robo robo."

Pugh aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Akamkumbusha kwa upole kwamba walikuwa kazini. Thelma alimjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, akatoa mfukoni kijitabu cha karatasi za kupimia, zile ambazo hubadilika rangi zikikuta kitu kikali, akachovya moja katika kila glasi kabla ya kuigusa. Zote zilibaki na rangi ya njano.

Baba yake Thelma alikuwa mtunza ghala la bia kwa miaka thelathini, katika mji wa jirani. Alimfundisha binti yake kwamba bia hutazamwa, hunuswa, halafu ndipo hunywewa, na kwamba mnywaji anaweza kumjua mtunza ghala bila kumwona uso.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, yenye harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi. Aliinua glasi dirishani, akasoma maandishi ya duka la ng'ambo kupitia ndani yake. Ya pili ilikuwa bia ya kahawia ya kila siku, ile inayonywewa na watu watokao kazini. Ilikuwa na uchungu wa kiasi na mwisho mkavu unaomwita mtu arudie. Alirudia. Ya tatu ilinukia embe, nanasi na kitu kingine ambacho hakutaka kukijua, akairudisha kaunta.

"Hii ni juisi ya harusi," alisema.

"Hiyo si yangu," Winifred akajibu haraka. "Kampuni yenye baa hii wameniletea pamoja na hizo taa."

Ya nne na ya tano zilikuwa nzuri bila makuu. Ya sita, katika pampu ya mwisho, ilikuwa ile nyeusi. Pugh aliacha kuandika. Thelma alinusa, akapata mkate ulioungua kidogo na chokoleti chungu, akanywa. Ilikuwa laini, ya ubaridi wa ghala wala si wa friji, bila hata chembe ya uchachu. Akaiweka glasi chini.

"Bi Sugden, bia yako imetunzwa vizuri kuliko zote nilizokunywa mwaka huu."

"Asante."

"Usinishukuru bado. Ningekuta siki humu ningesema ni uzembe: mtu amesahau dawa kwenye bomba, bahati mbaya. Lakini anayetunza bia namna hii hasahau dawa kwenye bomba."

Winifred alielewa. Alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Ustadi wake mwenyewe ulikuwa umemfungia mlango wa mwisho wa kutokea.

Thelma akamuuliza juu ya yale maneno ya kufunga mdomo. Winifred alisema hakani kuyasema. Alikusudia kumfunga mwalimu mdomo kwa bia nzuri, aandike upya, aone aibu.

"Kwa nini hukusema hivyo tangu Jumanne?"

"Nilisema. Yule mwenzako akaandika 'anadai.'" Alivuta pumzi. "Inspekta, huku kwetu mtu akisema jambo jema waziwazi, wenzake wanadhani anaumwa. Cyril ananitukana tangu nina miaka ishirini. Mume wangu alipofariki alikuja kila siku wiki tatu, akakaa pale, akaniambia bia yangu ni ya kuoshea mbwa. Hakukosa hata siku moja."

Pugh aliandika yote hayo. Thelma akamwomba Winifred aeleze Jumanne hatua kwa hatua, na Winifred akaeleza kama alivyokwisha kueleza mara nne. Jumanne asubuhi ni siku ya kusafisha mabomba. Alipitisha dawa kwenye mabomba yote, akaiacha ikae nusu saa, akaisukuma kwa maji hadi karatasi yake ya kupimia ikasema basi, ndipo akafungulia bia. Saa sita na dakika arobaini mwalimu aliingia. Hakumsalimu mtu. Alizunguka baa nzima kama bwana afya, akigusa hiki na kile, akiandika. Mwishowe alikuja kaunta akaomba ile nyeusi. Winifred akamvutia, akampa, akageuka kuchukua kitambaa. Aliposikia kiti kinaanguka ndipo akageuka tena.

"Alianzia wapi na kuishia wapi, huko kuzunguka kwake?"

Winifred hakujua, alikuwa akihudumia wengine. Thelma akamwambia Pugh asome daftari la mwalimu. Lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa vielelezo, lakini nakala yake Pugh alikuwa nayo, na kituoni kila mmoja alikuwa ameshaisoma akitafuta jina la adui. Thelma mwenyewe aliisoma mara tatu. Safari hii alitaka kuisikia akiwa amesimama mahali penyewe.

Pugh alisoma kwa sauti yake ya kanisani. "'Vigae: salama, Mungu ni mwema. Taa: za kinyozi. Vitabu: nimefungua kimoja, ni cha kutunza sungura. Kona ya wazee: ukuta haupo, lakini mpini wa pampu ya zamani wameuacha kama pambo. Nimeuvuta mara mbili. Bado mzito kama zamani. Moyo umelainika. Sasa nitaonja, na nitahukumu kwa haki.'"

"Rudia hapo kwenye mpini."

"'Nimeuvuta mara mbili. Bado mzito kama zamani.'"

Thelma aligeuka akautazama ule mpini wa shaba, kule konani. Nyuma ya nyumba yao, alipokuwa mdogo, palikuwa na pampu mbovu mbili alizochezea. Zilikuwa nyepesi, ukivuta mpini unakuja wenyewe, kwa sababu ndani hamna kitu. Zile za kazini alizozivuta kwa baba yake zilihitaji bega. Uzito wa mpini si wa chuma. Ni wa kinachovutwa.

"Bi Sugden, ule mpini umeunganishwa na nini?"

"Haujaunganishwa. Pambo tu. Fundi alikata bomba lake wakati wa ukarabati."

"Ulimwona akikata?"

Winifred alisema alionyeshwa karatasi yenye saini.

Ilikuwa yapata saa sita na nusu. Thelma hakuukimbilia mpini. Alimwagiza Pugh awashe kamera ya kifuani, aseme tarehe na saa, awataje waliopo. Akaomba glasi tatu safi, akachovya karatasi katika kila moja ikiwa na maji matupu, akaziandika namba. Kisha akamwomba Winifred avute bia nyeusi katika glasi ya kwanza, kama alivyomvutia mwalimu. Alichovya karatasi, akaifuta povu. Njano.

"Konstebo, nenda pale konani. Vuta mpini mara mbili, urudishe taratibu."

Pugh, ambaye hakuwahi kuvuta bia maishani, alikwenda akiwa ameshika pumzi. Akavuta. Bega lake lilishuka.

"Mzito, afande."

"Tena."

Aliporudi, Winifred alivuta glasi ya pili. Rangi ilikuwa ileile nyeusi, povu lilikuwa lilelile la rangi ya maziwa. Lakini Thelma alipoinama kunusa, chini ya harufu ya mkate alikutana na harufu ya nguo zilizolowekwa. Akachovya karatasi. Ilibadilika mbele ya macho yao, kijani, halafu bluu nzito kama wino.

Thelma akaonyesha karatasi kwenye kamera, akaomba glasi ya tatu. Winifred aliivuta. Karatasi ikawa kijani kwa mbali, na walipovuta nyingine baada ya hapo, ikarudi njano. Kitu kilichopita kilipita chote katika glasi moja na kidogo katika iliyofuata, bomba likabaki safi kama maabara walivyolikuta.

Walishuka ghalani. Winifred alichukua bisibisi akafungua ubao mpya uliofunika ukuta nyuma ya mapipa, parafujo nane, bila kuomba msaada. Nyuma yake bomba la zamani lilipanda kuelekea ile kona ya wazee. Halikukatwa. Lilikuwa limefungwa kwa kiungio kwenye bomba la pampu ya mwisho, na vali ya kulizuia ilikuwa imechakaa, haizuii.

Thelma akamweleza Pugh polepole, ili kamera isikie. Dawa inapopitishwa na kuachwa nusu saa, sehemu yake inaingia kwenye tawi hili, kama maji yanavyoingia mfereji wa pembeni. Maji ya kusuuza yakija, yanapita njia kuu moja kwa moja. Karatasi ya Winifred pale juu inasema pako safi, na kweli ni safi. Dawa inabaki imelala kwenye tawi. Mtu akivuta ule mpini, anaiamsha. Akiurudisha, dawa inarudi njia kuu. Atakayeagiza bia nyeusi baada yake ndiye atakayeikuta.

"Mbona miezi miwili yote hakuna aliyeumia?" Pugh aliuliza.

"Watu hupiga picha nao," Winifred alijibu badala yake. "Hawauvuti. Kuna kibao."

"Mwalimu hakukiona?"

"Cyril? Cyril akiona kibao cha mtu anatafuta kosa la tahajia."

Alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Aliketi juu ya pipa tupu. Alisema usiku wa Jumanne na wa Jumatano alikuwa amekaa akiitazama mikono yake. Walimuuliza mara nyingi sana, kwa adabu sana, hata akaanza kujiuliza kama kweli alifanya na akasahau. Thelma alimwacha alie. Mwenyewe aliegemea ukuta wa baridi wa ghala, akahisi mabega yake yakishuka taratibu, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Saa saba na dakika kumi alimpigia mkuu wake. Alimweleza juu ya tawi, vali, glasi tatu na picha za kamera. Fundi na kampuni yake wangejibu mbele ya wakaguzi wa usalama kazini. Hilo lilikuwa faili jingine. Mkuu akauliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

"Basi mwambie huyo mama aende zake."

"Hana pa kwenda, afande," alisema Thelma. "Yuko kwake."

Kabla ya kuondoka aliifunga ile pampu kwa utepe wa polisi, na mpini nao, akamwachia Pugh alinde. Winifred alikuwa ameshavaa koti juu ya aproni. Hakuuliza kama jina lake litasafishwa gazetini, wala baa itafunguliwa lini. Aliuliza kama Cyril ameambiwa.

Hospitali ilikuwa juu ya kilima, mwendo wa dakika kumi. Askari mmoja alikuwa ameketi nje ya chumba cha mwalimu. Muuguzi aliwaeleza kwamba koo linapona vizuri, na wiki ijayo huenda akaanza uji. Tatizo lilikuwa jingine. Tangu alipopata fahamu, mgonjwa hakukubali kulala. Kila mlango ulipofunguliwa alishtuka. Kutwa nzima alikuwa akiandika.

Thelma aliingia peke yake, Winifred akabaki koridoni. Mwalimu Ormerod alikuwa amekaa wima kitandani, mwembamba, nywele nyeupe zimesimama, karatasi mapajani. Hakuweza kusema. Alimpa Thelma karatasi hiyo kabla hajaketi.

Ilikuwa orodha ya majina. Thelma alihesabu arobaini na matatu. Walikuwemo wanafunzi wa zamani, majirani, wenye baa, kasisi mmoja. La thelathini na nane lilikuwa la dada yake. Pembeni ya kila jina, kwa mwandiko uleule safi wa ubaoni, alikuwa ameandika ubaya aliowahi kumtendea mwenye jina hilo.

Alikuwa amekaa siku mbili akijiuliza ni nani kati ya watu aliowajua maisha yake yote anataka afe.

Thelma alivuta kiti karibu. Alimweleza kila kitu tangu mwanzo, bila haraka: dawa, tawi, vali, mpini. Alipofika kwenye mpini mwalimu alifumba macho, akakumbuka. Kisha akachukua kalamu.

Hakuna mtu? aliandika.

"Hakuna mtu, Mwalimu."

Hata Winnie?

"Yuko nje hapo. Ameacha baa mikononi mwa polisi, amesahau hata kuvua aproni."

Mkono wake mwingine, uliokuwa umekaza shuka, ulianza kulegea kidole kimoja kimoja. Akaandika neno moja, Aingie, na baada ya kufikiri akaongeza chini yake: Na bia je?

Thelma alimwambia ukweli, kwamba ile ya matunda ni aibu, ya kahawia ni ya kuaminika, na ile nyeusi, pale isipotiwa sabuni, ndiyo bia bora ya mji. Mwalimu aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anayekubali jibu la mwanafunzi aliyemdharau bure.

Winifred aliingia. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Alimtazama pale kitandani, akamwambia kwamba kumbe akinyamazishwa ana sura nzuri, akaketi kwenye kiti alichoachiwa. Mwalimu aliandika akamgeuzia: Bado ni ya kuoshea mbwa? Winifred akasoma, akapangusa macho kwa ncha ya aproni, akamwambia alale, jibu lake atalipata kesho.

Akalala. Hakungoja hata muuguzi avute pazia. Kichwa kilianguka upande, mdomo wazi, akakoroma kwa koo lake lililoungua, sauti mbaya kama msumeno, na Winifred akaisikiliza kama mtu asikilizaye mvua baada ya ukame.

Thelma alikunja ile orodha, akaitia mfukoni mwake ili mwalimu asiikute akiamka. Alitoka, akaufunga mlango taratibu. Askari wa zamu alisimama akapiga saluti, akauliza nani anakuja kumpokea.

"Hakuna," alisema Thelma. "Rudisha hicho kiti ulikokitoa, uende nyumbani."